Shoga wa Kufa na Kuzikana

 Mazungumzo ya leo yanawahusu zaidi akina mama, ingawa akina baba wakibaki kusikiliza hawatapata hasara.

Kuna usemi ambao tumeusikia tangu utotoni, ukirudiwa vibarazani, harusini na hata kwenye mabaraza ya usuluhishi: kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Wanaume huusema kwa kucheka na wanawake huusema kwa uchungu, na kila unaposemwa hapakosekani mfano wa kuutia nguvu: mke mwenza, wifi, jirani mwenye ulimi mrefu. Leo ningependa tuupime usemi huo kwa mizani ya mambo yanayoonekana, kwani naamini kwamba umeachiwa kupita muda mrefu bila ya kuulizwa ushahidi wake.

Tuanze na lugha. Kiswahili hakikutosheka kumpa mwanamke neno rafiki peke yake. Kimempa shoga, yaani mwanamke aliye mwandani wa mwanamke mwenzake. Najua kwamba siku hizi, hasa mijini, neno hili limegeuzwa na kufanywa tusi, hata kijana hushtuka anapomsikia bibi wa Unguja au wa Lamu akiita kwa sauti, "Shoga yangu, njoo!" Mimi nitalitumia kwa maana yake ya asili, wala sitaomba radhi. Kimempa pia somo, yule mama anayemfunda binti anapovunja ungo na kumsimamia siku ya harusi yake, uhusiano ambao aghalabu huendelea mpaka mmoja wao afukiwe. Kimempa msiri, anayewekewa yale yasiyosemwa. Na juu ya yote hayo kimemwekea kipimo kizito mno: shoga wa kufa na kuzikana. Angalieni kwamba kipimo hicho hakikutaja mapenzi wala furaha. Kimetaja kazi, tena ile ya mwisho ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Tunapousifu urafiki wa wanawake siku hizi tunausifu kama hisia: kufarijiana, kucheka pamoja, kufutana machozi. Hayo yote ni kweli. Lakini bibi zetu waliujua urafiki kuwa ni hesabu. Nasema hesabu bila ya dharau yoyote. Ulikuwa ni daftari la kutoa na kurejesha, na nguvu yake ilitokana na daftari hilo kutofungwa maishani.

Chukua kanga. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, vyenye mchoro mmoja na jina moja. Mwanamke akinunua doti na kumpa mwenzake kipande kimoja, wote wawili wamelivaa neno lile lile, na kila mmoja anatembea na nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine iko kwa mwenzake. Chukua harusi. Mwenye harusi hupelekewa mchele, mafuta, sukari na fedha, na nyumba nyingi huwa na daftari, la karatasi au la kichwani, linalosema nani alileta nini. Mgeni asiyejua atadhani huo ni uchoyo. La hasha. Daftari lile linawekwa ili siku ya yule mwingine ikifika, aliyesaidiwa asipungukiwe na adabu ya kurejesha, na ikiwezekana azidishe kidogo, ili deni lihame upande wa pili na safari iendelee. Wakilipana sawasawa bila ya kubaki chochote, kuna hatari kila mmoja akaenda zake.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni upatu, ambao wengine huuita mchezo, na ambao Rwanda huitwa ikimina. Tuseme wanawake kumi wanatoa shilingi 50,000 kila mmoja kwa mwezi. Kila mwezi mmoja wao hupokea 500,000, na baada ya miezi kumi kila mmoja ametoa 500,000 na amepokea 500,000. Mtu wa benki atauliza, faida iko wapi? Hakuna aliyeongeza hata senti. Jibu lake liko katika mpangilio wa zamu. Anayepokea mwanzo ametoa 50,000 tu. Kwa hiyo amekopeshwa 450,000 na wenzake tisa bila ya riba, bila ya fomu, bila ya kuweka hati ya nyumba rehani. Anayepokea mwisho amewakopesha wenzake kwa miezi tisa kabla ya kuiona fedha yake. Kijumbe, yule anayekusanya, mara nyingi hana ofisi wala risiti. Na zamu ya kwanza hupewa nani? Hutegemea kikundi. Wengine hupiga kura, lakini wengi humtanguliza yule ambaye mtoto wake anadaiwa ada, au ambaye bati la nyumba limepeperuka, na yule mwenye nafasi hukubali kukaa mwisho. Dhamana ya mkopo huu wote ni kwamba wanajuana, na walijuana kabla ya fedha kuingia.

Sasa jiulizeni, lau ingekuwa kweli kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake, upatu ungedumu mwezi wa pili?

Sisemi kwamba hapana khiyana. Ipo. Wapo vijumbe waliotoroka na fedha za watu, na wapo waliopokea zamu yao wakahama mtaa. Ipo mipasho, na zipo kanga ambazo hununuliwa kwa makusudi ya kupita nazo mlangoni mwa mtu. Vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo mwanahistoria Margaret Strobel alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchomana, na kuna waliojiingiza katika gharama zisizo na kiasi ili chama chao kisishindwe. Lakini ndani ya vyama hivyo hivyo palikuwa na vyeo, na uongozi, na mazoea ya kuchangishana na kuamua jambo pamoja, katika zama ambazo wanawake hao hawakuwa na kiti katika baraza lolote la mji. Ugomvi wenyewe uliwafundisha kujipanga.

Na kujipanga huko siku moja kuliihitajiwa na nchi nzima. Twendeni Dar es Salaam, mwaka 1955.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka mmoja baadaye kilikuwa bado kidogo, na karibu wote waliokuwa wakionekana ndani yake walikuwa wanaume. Tena si wanaume wote walioweza kuingia, kwani waraka wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na siasa, na wasomi wengi wa wakati ule walikuwa ndio hao makarani na walimu. Katika mwaka huo wa 1955 alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch, akauliza swali ambalo liliwafanya wenyeji wake watazamane: wanawake wenu wako wapi?

Aliyetafutwa kulijibu swali hilo ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, kwa hiyo hakuwa bado ametimiza miaka thelathini. Kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, wala cheo serikalini, wala mali. Alikuwa na sauti: alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji ulimjua kwa sababu hiyo.

Tutazame alivyofanya, maana wengi wetu tungeanza kwa kuitisha mkutano wa hadhara. Yeye aliwaendea wakuu wa vikundi vya ngoma vya akina mama. Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa na vikundi vingi vya namna hiyo, na ndani yake walichanganyika wanawake wa makabila mbalimbali waliohamia mjini, wakaacha huko walikotoka mama, dada na mashangazi, na hapa mjini wakatengeneza dada wengine. Wengi walikuwa Waislamu wasiosoma sana, wakijitafutia riziki kwa kupika maandazi na vitumbua, kuuza pombe au kupangisha vyumba. Kwa kuwa hawakuajiriwa na serikali, waraka wa 1953 haukuwagusa. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mchango wake, sare yake, na orodha ya watu wa kuarifiwa pakitokea msiba. Kwa maneno mengine, kazi ambayo chama cha siasa huhitaji miaka kuijenga ilikuwa imekwisha kufanywa na watu waliokuwa wakicheza ngoma.

Katika miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 waliingia TANU.

Fikirini jinsi jambo hilo lilivyotendeka nyumba kwa nyumba. Mwanamke akiambiwa na mtu asiyemjua ajiunge na chama kinachotazamwa kwa jicho baya na serikali, ana kila haki ya kuogopa. Akiambiwa na yule aliyekesha naye mtoto wake alipougua, yule ambaye jina lake limo katika daftari lake la harusi, suala linabadilika. Hapimi tena siasa, anampima mtu, na mtu huyo amekwisha kumpima miaka kumi. Ndiyo maana nasema urafiki wa namna hii haukuwa pambo la historia ya uhuru wa Tanganyika. Ulikuwa ni mmoja wa mihimili yake.

Safari ya Bibi Titi baada ya hapo haikuwa nyepesi. Mwaka 1962 aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa. Mwaka 1965 alikosa kiti chake cha ubunge Rufiji. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiliwa kwa amri ya Rais. Alifariki dunia Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Hata hivyo, kati ya wale elfu tano, ni wangapi tunaowajua kwa majina? Mtafiti Susan Geiger alikwenda kuwatafuta baadhi yao walipokuwa watu wazima na vikongwe, akaandika maisha yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Lau si kazi hiyo wengi wangezikwa na habari zao. Sisi wa vyombo vya habari tuna maradhi ya kumpiga picha aliyeshika kipaza sauti na kuwakata pembeni waliomshikia mtoto ili aweze kukishika.

Kwingine urafiki wa aina hii ulianzia pabaya zaidi. Nchini Rwanda, Januari 1995, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari, wajane hamsini walikusanyika wakaunda chama cha AVEGA Agahozo. Walikuwa wamefiwa na waume, na wengi na watoto pia. Kutoka katika kulia pamoja wakafika kwenye kujenga nyumba, kutoa matibabu kwa wenzao walioambukizwa virusi vya Ukimwi kwa kubakwa, na kudai haki ya mwanamke kurithi, haki iliyoingizwa katika sheria ya nchi hiyo mwaka 1999.

Wataalamu wa sayansi wamechelewa kuuliza kuhusu mambo haya, na sababu yake inachekesha kidogo. Mwaka 2000 Shelley Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba kabla ya mwaka 1995 wanawake walikuwa takriban asilimia 17 tu ya watu waliopimwa katika utafiti wa jinsi mwili unavyoikabili dhiki. Elimu yote kuhusu binadamu anayepigana au kukimbia anapotishika ilikuwa imejengwa zaidi juu ya miili ya wanaume. Taylor alitoa rai kwamba mwanamke mara nyingi hufanya jambo jingine: hukusanya watoto na kutafuta wanawake wenzake. Mwaka 2006 ukatoka utafiti uliowafuatilia wauguzi 2,835 wa Marekani waliopata saratani ya matiti, nao ulionyesha kwamba waliokuwa wapweke, wasio na mtandao wa jamaa na marafiki, walikuwa katika hatari ya kufariki iliyozidi kwa asilimia 66 ikilinganishwa na wenzao waliozungukwa na watu. Utafiti mmoja haumalizi maneno, na upweke una sababu nyingi. Lakini bibi zangu wangeuliza tu ni kwa nini imelazimu kuhesabu.

Sasa niwaendee wasikilizaji wetu walio mbali na makwao, kwani kwao jambo hili si la historia.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalitawanya familia nyingi, na baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa ng'ambo, wengi wao walikwenda kuishi Oman na Kiswahili chao. Wapo akina mama wa Maskati ambao shoga zao walibaki Unguja au waliishia Mombasa au Uingereza, na kwa miaka mingi daftari likaendeshwa kwa barua: picha ya mtoto aliyezaliwa, habari ya aliyefariki, kipande cha kanga ndani ya bahasha. Leo simu imelifanya jambo hilo kuwa jepesi, na wepesi huo una hila yake. Kumpelekea mtu picha ya maua kila asubuhi si kumtembelea. Mwenzako anaweza kuwa amekujibu kwa vikaragosi mwezi mzima ilhali hana chakula ndani, na wewe usijue.

Kwa wale mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Chini ya utaratibu wa kafala, ambao baadhi ya nchi zimeubadilisha kwa viwango mbalimbali, ruhusa ya kuishi nchini imefungamanishwa na mwajiri. Simu ikichukuliwa na pasipoti ikifungiwa kabatini, msichana anaweza kutoweka huku akiwa hai. Na mara nyingi mama yake ndiye mtu wa mwisho kuambiwa ukweli, kwani mtoto humficha asije akapandwa na presha. Humwambia shoga yake. Basi ewe unayesafiri, mwachie mwenzako huyo nakala ya pasipoti na ya mkataba, jina la wakala, jina la mwajiri na mtaa wake. Kubalianeni siku ya kupiga simu, na kwamba ikipita bila ya simu yeye aanze kuuliza. Kubalianeni hata juu ya jina la mtu asiyekuwepo, ili siku utakapomuulizia mtu huyo katika mazungumzo yanayosikilizwa, mwenzako ajue kwamba umo taabuni. Na wewe unayebaki nyumbani, ukiachiwa karatasi hizo usizitie chini ya godoro ukazisahau.

Uingereza na Marekani hatari ni ya namna nyingine, ya polepole. Zamu za usiku, baridi, watoto wasiojua lugha ya bibi yao, na jirani ambaye jina lake hulijui mwaka wa tatu. Wanawake wetu wengi huko wameufufua upatu, kwa pauni na kwa dola, na nina hakika kwamba hawakuufufua kwa ajili ya fedha peke yake, kwani benki ziko kila kona. Mchango hukusanywa Jumamosi nyumbani kwa mmoja, chai ikawepo, na mambo yakasemwa ambayo hayasemeki kwenye simu.

Liko jambo ambalo akina mama Waislamu wa ugenini hulijadili katika vikao hivyo, na wageni huona ajabu wakilisikia. Mwanamke akifariki, wanaomwosha na kumkafini ni wanawake. Nyumbani hakuna anayeliwaza hilo. Wapo mashangazi, wapo masomo, yupo bibi wa mtaa aliyeifanya kazi hiyo miaka arobaini. Ugenini hakuna. Kwa hiyo katika baadhi ya miji wamejifunza wao wenyewe, wakiwa bado vijana, wakielekezana juu ya maji, kafuri na vipande vitano vya sanda, na wakaandikiana namba za kuitana usiku. Kisha hurudi kwenye chai yao na kuulizana nani ana zamu mwezi ujao.